Nafasi Mbele ya Basi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Kaka ameniambia kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, na wewe ukamjibu kwamba nyumba yetu haina ngazi, kwa hiyo mmeelewana. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba pasi unapiga ukiwa umesimama. Mwambie Mama akutafutie kiti kirefu. Nguo za wateja wake hazitajua kama zimenyooshwa na mtu aliyekaa. Na yeye Mama, tundu la sindano bado analiona, au sasa anakuita wewe umtungie uzi? Mpe shikamoo yangu kabla hujageuza ukurasa huu, kwa sababu kuanzia ukurasa wa pili barua ni yako peke yako. Ukitaka kumsomea baadaye, huo ni uamuzi wako.

Mimi ni mzima. Chumba changu hakivuji tena tangu mwenye nyumba alipobadilisha mabati mawili, na nimenunua meza, ndiyo hii ninayoandikia. Leo ni Jumapili asubuhi, na wapangaji wenzangu wanafua uani na kubishana kamba ni ya nani.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hunyamaza, na mimi nikisikia umenyamaza huanza kuujaza ukimya wako kwa maneno ambayo sikuyakusudia. Karatasi inanivumilia. Nina ombi moja na nina jambo moja la kukiri, na nimeamua viingie katika bahasha moja, kwa sababu ombi likitangulia peke yake litakuwa hila. Ombi ni hili: ofisi yetu inataka uje huku kwa wiki tatu, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, uwafundishe madereva wa mabasi kuendesha kama ulivyokuwa ukiendesha wewe. Najua utacheka. Cheka, lakini usiseme ndiyo wala hapana mpaka umefika mwisho.

Nianze na kazi yangu. Jirani akikuuliza huwa unasema binti yako anahesabu magari, na hukosei sana. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu, kina skrini kumi na mbili ukutani, na kila skrini inaonyesha kipande cha barabara ya mzunguko. Tuko watano, lakini utakaowasikia hapa ni wawili tu. Wa kwanza ni Mkuu wetu, mhandisi, mama wa makamo anayekunywa maji ya moto matupu na hasemi neno mara mbili. Wa pili ni mtunga programu tunayemwita Kofia, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kuona kichwa chake. Mwaka huu tumekuwa na swali moja tu: magari yanayojiendesha yakichanganywa na magari ya watu, foleni inapungua au inaongezeka?

Kwanza nikueleze kuhusu foleni isiyo na mwenyewe. Wewe unaijua kuliko mimi, ila hukuwahi kuiona kutoka juu. Saa moja na nusu asubuhi magari yanakwenda vizuri, hakuna ajali, hakuna taa, hakuna askari. Dereva mmoja anagusa breki kidogo, pengine alikuwa akitazama simu akashtuka. Wa nyuma yake anagusa zaidi kidogo. Wa tatu anaikanyaga. Wa ishirini anasimama kabisa. Yule wa kwanza ameshafika kazini, anakunywa chai yake, lakini kule kusimama kunaendelea kurudi nyuma, gari hadi gari, kilomita nzima na zaidi. Watu wanafika mahali hapo wanasimama, wanatukana, kisha njia inafunguka na hawaoni chochote kilichowazuia. Kwenye skrini zetu ni kama mkunjo kwenye kitambaa: unaupiga pasi hapa, unahamia pale. Zamani nisingekupa mfano huo, lakini sasa tuna fundi wa pasi nyumbani.

Mwezi wa pili tuliletewa magari manane yanayojiendesha. Ni meupe, yana macho pande zote, hayachoki wala hayatoki nyumbani yamegombana na mtu. Ndani ya kila moja hukaa mlinzi wa usukani, mtu mwenye leseni ambaye kazi yake ni kuweka mikono magotini na kutogusa kitu isipokuwa pakiwa na hatari. Magari hayo yalipangwa yaache nafasi kubwa mbele yao, ili breki ya mtu wa mbele ifie ndani ya ile nafasi, isifike nyuma. Kwenye kompyuta ya Kofia, manane yalitosha kutuliza kilomita tano za barabara. Tulishaanza kutabasamu.

Baba, foleni iliongezeka. Kabla magari hayajaja, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi barabara ilikuwa ikisimama mara saba kwa wastani. Wiki ya tatu tulikuwa tumefika mara kumi na moja. Madereva waliyapa jina siku ya pili tu: mabibi harusi. Walisema yamevaa meupe, yanakwenda kwa maringo, na kila mtu anataka kupita mbele yao aonekane kwenye picha. Mlinzi wa usukani wa gari namba tano, mzee mmoja mcheshi, alitusimulia kwamba dereva wa lori alishusha kioo akamwuliza bwana harusi yuko wapi, na mwingine akamshauri amshike mkono mwenzake huyo asije akajikwaa. Wakishacheka, wanachomekea, wanajipenyeza mbele ya gari. Nafasi iko wazi, nani ataiacha?

Nilichoka kutazama skrini, nikaenda kusimama juu ya daraja la waenda kwa miguu, asubuhi sita mfululizo, na daftari. Siku ya tatu nikaona kosa. Mtu akichomekea mbele ya gari namba tano, gari lilihisi kwamba nafasi yake imepungua, na papo hapo lilifunga breki ili kuirudisha. Likishairudisha anaingia mwingine, linafunga tena. Nyuma yake taa nyekundu zilikuwa zikiwaka moja baada ya nyingine mpaka zinapotea kwenye kona. Gari tulilolileta kunyoosha mkunjo ndilo lililokuwa likiutengeneza. Kofia alijaribu kupunguza nafasi, watu wasipate pa kuingilia. Basi ikawa kila anayegusa breki mbele, gari letu nalo linagusa, kama dereva mwingine yeyote. Mkuu alitupa hadi mwisho wa mwezi. Alisema hawezi kuendelea kuwaeleza wakubwa wake kwamba tumeagiza foleni kutoka nje ilhali ya hapa ilikuwa inatutosha.

Siku ya tano pale darajani nilijikuta nafanya kitu cha ajabu. Gari dogo la kijivu lilichomekea mbele ya namba tano, na mguu wangu wa kulia ukajiinua. Kisigino kilibaki chini, vidole vikapanda, vikakaa hewani, vikashuka polepole. Sijui kuendesha, unajua. Nilisimama pale na mguu wangu kama mtu aliyeshikwa na ganzi, nikaukumbuka mguu wako.

Nilipokuwa na miaka sita, saba, nane, wakati wa likizo ulikuwa ukinichukua kazini, na nilikaa kiti cha nyuma ya dereva. Kizuizi kilichokuwa kati yetu kilikuwa kirefu kuliko mimi. Kupitia upenyo wa chini nilichoweza kuona ni mguu wako wa kulia tu. Nadhani utoto wangu wote niliujua mguu ule kuliko uso wako. Mtu akichomekea, mguu haukwenda kwenye breki. Ulinyanyuka, ukangoja, ukarudi taratibu kwenye mafuta, na baada ya muda ile nafasi mbele ya basi ilikuwa imerudi bila mtu kujua imerudi lini. Wenzako walikuita Dereva Nafasi na walikucheka. Mimi nilikuuliza, kwa maana kazi yangu ilikuwa kuuliza na jina ulinipa mwenyewe, kwa nini humkanyagii breki mtu mbaya kama yule. Ulisema aliyeingia ameshaingia, na breki haitamtoa, itamwadhibu aliye nyuma yako ambaye hajakosa. Nafasi itarudi yenyewe, ulisema, kwani si yako, ni ya barabara.

Nilishuka darajani karibu kukimbia. Nilimwambia Kofia kwamba mtu akichomekea, gari lisifunge breki kama hakuna hatari ya kugonga, liache mafuta tu, na nafasi irudi kidogo kidogo. Kofia aliniuliza irudi kwa muda gani. Nikafumba macho, nikahesabu mguu wako. Nikamwambia sekunde ishirini. Akajaribu kwenye kompyuta sekunde kumi, kumi na mbili, mpaka thelathini, na iliyoshinda zote ilikuwa kumi na nane. Kwa hiyo ulikosea kwa mbili, au mimi nilihesabu vibaya.

Barabara sasa inasimama mara nne kwa asubuhi. Wiki moja ilikuwa tano. Si muujiza, na siku ya mvua kila kitu kinarudi kuwa vurugu. Safari ya kuizunguka barabara yote imepungua dakika tatu tu. Lakini breki zinazofungwa asubuhi moja zimepungua karibu nusu, na juzi mlinzi wa namba tano alilalamika kwamba hakuna tena anayemtania, watu wanapita wanakwenda zao.

Mkuu aliniuliza nilipata wapi wazo lile. Nikasema nimelisoma mahali.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Au najua. Katika chumba kile kila mtu ananukuu kitabu, na mimi ndiye niliyesoma zaidi yao wote, na nilitaka liwe limetoka kwenye kitu chenye jalada. Uongo ule ulikaa wiki mbili. Kisha ikaja kazi ya kuandika ripoti, na ripoti haikubali “mahali”. Inataka jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Nilikaa mbele ya mstari ule mtupu asubuhi nzima, nikaandika: dereva wa basi, miaka thelathini na mmoja barabarani, alimweleza mwandishi kwa mdomo. Mkuu akaniita, akauliza ni dereva gani. Nikasema ni baba yangu. Akanywa maji yake. Akauliza kama uko hai. Nikasema uko hai na unapiga pasi. Akasema nikulete.

Hoja yake ni kwamba magari manane yatarudi yalikotoka mwisho wa mwaka, na hata yakibaki ni manane tu, wakati mabasi ni mamia na yako barabarani tayari. Hesabu zetu zinaonyesha kwamba gari moja katika ishirini likiendeshwa hivyo, mengine kumi na tisa yanatulia yenyewe. Anataka madereva arobaini kwanza, na anataka wafundishwe na mtu aliyewahi kufanya hivyo akiwa na abiria wanaolalamika mgongoni. Usidhani watakupokea kwa shangwe. Mmoja ameshatangaza kwamba yeye ni mwanamume, hawezi kwenda shule kujifunza kuendesha kibibi harusi. Najua pia utakachouliza: je, haya magari hayatawaondoa kina nyinyi? Sijui, Baba. Ningekudanganya nikisema hapana. Ninachojua ni kwamba mwaka huu mashine ilishindwa, ikafundishwa na dereva.

Hilo ndilo ombi. Sasa jambo lenyewe.

Ili upewe kibali cha kukaa kwenye mabasi, Mkuu aliomba faili lako kutoka kampuni ya mabasi. Lilifika Jumanne. Lina nakala za leseni zako, vyeti vya macho, na ajali moja tu katika miaka thelathini na mmoja, nayo uligongwa ukiwa umesimama. Mwishoni kuna karatasi ya miraba, iliyochanwa kutoka daftari la hesabu, imeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Ni lile lalamiko lililofanya uondolewe njia yako. Mkuu alilisoma kwa sauti chumbani, mbele yetu wote: kwamba mwandishi amepanda basi hilo mara nyingi, kwamba safari moja alihesabu magari ishirini na matatu yaliyoingia mbele ya basi bila dereva kuchukua hatua yoyote, kwamba kila gari linalipotezea basi nusu dakika, na kwa hiyo abiria wanacheleweshwa dakika kumi na moja na nusu kila siku kwa sababu ya upole usio na mipaka wa mtu mmoja. Chini imetiwa sahihi: Abiria Aliyechoka. Kofia alicheka mpaka kofia ikasogea. Mkuu hakucheka. Alisema baba yangu alionewa na mtu anayejua kuzidisha. Kisha akapata wazo. Anataka lalamiko hilo lisomwe darasani siku ya kwanza, mbele ya madereva arobaini, wewe ukiwa umekaa mbele, ili watafute kosa la hesabu. Akanipa mimi kazi ya kuandaa somo hilo.

Baba, barua ile niliiandika mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Unakumbuka shule yangu ilikuwa kwenye njia yako, na wasichana wa darasa letu walipanda basi lako asubuhi. Waliliita gari la maiti. Wakipanda walikuwa wakiulizana leo tunamzika nani, na mwingine anajibu tunazika kipindi cha kwanza. Hawakujua wewe ni nani kwangu. Ndiyo maana nilikuwa nikipandia mlango wa nyuma. Ndiyo maana tangu nilipoingia shule ile hadi ulipoondolewa njia ile sikukuamkia hata siku moja ndani ya basi, na wewe ulinitazama kwenye kioo kama abiria yeyote, wala hukuniuliza nyumbani. Nilikuwa nimechelewa mara tatu muhula ule, na mara ya tatu mwalimu alinivua ukiranja mbele ya mstari. Siku hiyo hiyo, kipindi cha hesabu, nilichana karatasi. Namba ya basi niliijua kwa moyo. Nilitumia herufi kubwa na rula ili mwandiko usijulikane. Nilidhani watakuhamisha tu kwenye njia nyingine, nami nipande basi la mtu mwingine, nicheke na wenzangu. Sikujua kwamba wewe ulikuwa na malalamiko mengine mawili ya mdomo, na kwamba walikuwa wakingoja moja la maandishi.

Jioni ile ulipokuja na karatasi hiyo, ulikuwa umeikunja kwenye mfuko wa shati. Ulisema msimamizi amekupa siku mbili ujibu kwa maandishi. Ulisema umesahau miwani ndani ya basi, nikusomee. Nikasoma. Nilisoma yote, Baba, kwa sauti ile ile ya kusomea gazeti, na Mama alikuwa akishona kifungo. Nilipofika kwenye magari ishirini na matatu ulitikisa kichwa ukasema amehesabu vizuri. Nilipomaliza ulisema huyu anajua kuandika, aliyemsomesha hakupoteza bure. Kisha ukaniambia nichukue kalamu nikuandikie jibu. Ulinitajia sentensi mbili tu: ni kweli magari huingia mbele yangu, sina la kuongeza. Nilikuandikia kwa mwandiko wangu mzuri, na jibu hilo nalo liko ndani ya faili, limebanwa pamoja na lalamiko. Barua mbili, na zote ni za mkono wangu.

Walikuweka uani kwa kampuni. Miaka saba ulitoa mabasi kwenye maji ya kuoshea ukayapeleka kwenye pampu ya mafuta, na ulituambia kwa utani kwamba sasa unaendesha mita mia mbili kwa siku na hakuna mtu anayekuchomekea. Sote tulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote.

Asubuhi ya pili baada ya kukusomea, niliiona miwani yako ndani ya mfuko wa shati lile lile, likiwa limetundikwa mlangoni. Nimekataa kufikiria maana yake kwa miaka kumi na mmoja. Daftari la miraba ulininunulia wewe. Kama ulijua, niambie. Kama hukujua, sasa unajua, na ninaogopa zaidi hilo la pili.

Kosa la hesabu nimelipata, na si gumu. Gari linaloingia mbele yako halikupotezei nusu dakika. Linakuchukulia urefu wake mwenyewe na kidogo zaidi, sekunde mbili. Magari ishirini na matatu ni sekunde arobaini na sita. Hiyo nusu dakika niliitoa kichwani, kwa hasira, kwa kuwa ilinipa jibu nililolitaka. Kuchelewa kwetu kulikuwa kwa barabara nzima, na huenda bila wewe kungekuwa kubaya zaidi. Nasema huenda. Ijumaa nilifungua rekodi za miaka ile, nikitafuta tofauti kabla na baada ya kukuondoa, nikuletee kama zawadi. Sikuona kitu. Basi moja katika njia moja halionekani kwenye rekodi. Nilitamani sana kukuandikia kwamba nimeliona, na nimejizuia, kwa sababu nimeshakufanyia hesabu ya uongo mara moja.

Mkuu bado hajui. Sijamwambia kwa sababu barua ile ndiyo iliyokutoa barabarani, kwa hiyo nadhani wa kwanza kujua ni wewe, na wa kuamua kama isomwe ni wewe. Ukisema isisomwe, nitamweleza sababu mwenyewe na nitabeba atakachosema. Ukisema isomwe, nitaisoma mimi, nimesimama, na kabla ya neno la kwanza nitawaambia ni ya nani. Na ukisema huji kabisa, nitaelewa. Sitatuma Kaka aje akubembeleze. Ninahitaji jibu lako kabla ya tarehe kumi na tano, na hata neno moja linatosha.

Ukikubali, panda basi la saa mbili asubuhi, ukae upande wa dirisha ili goti lipate pa kunyooka, na uje na leseni yako ya zamani. Iko kwenye kopo la biskuti, chini ya vyeti vyangu. Nitakuwa kituoni. Nitasimama kwenye mlango wa mbele, nitakuamkia kwa sauti, hata waliokaa kiti cha nyuma wasikie na wageuke kutazama ni binti wa nani.

Msalimie Kaka, mwambie viatu alivyonitumia vimemtosha mwenye navyo, asiulize tena. Wateja wa Mama wanaonikumbuka wape salamu zangu, na yule mwenye suruali za mikunjo miwili mwambie bado nasoma, maana hilo ndilo analouliza siku zote. Funika mguu wakati wa baridi.

Ile ya kwanza sikuitia jina. Hii naitia.

Mimi mwanao,
Maswali,
wa kiti cha nyuma ya dereva